Vidole vya Bai Nikoi

Siku ya tatu Inspekta Raina Toteva alikuwa bado anasoma matusi. Miaka ishirini na sita ya upolisi, magoti yote mawili mabovu, na sasa serikali ya Bulgaria ilikuwa inamlipa asome jinsi watu wasiojuana wanavyoitana punda kwa sababu ya kompyuta. Jukwaa lenyewe liliitwa Cheshma, yaani bomba la maji la mtaani, na watu wa mji wa Belokamen walilijia mtandaoni kama wazee wao walivyolijia bomba: kuteka kidogo na kusema sana.

Walibishana juu ya teknolojia, siasa na sheria. Mmoja angeuliza swali la maana, tuseme kama mashine ya kupigia kura inaaminika kuliko karatasi, na ikifika jibu la kumi wameshatukaniana mama wakwe. Raina alikuwa amemaliza majibu elfu tatu na mia nne. Kichwa kilimgonga na kahawa ya mashine ya korido alikuwa ameikinai.

Katika wote hao, wawili tu ndio waliomhusu. Mmoja alijiita Injinia. Mwingine alijiita Bai Nikoi, ndiyo kusema Mzee Si-Mtu. Miaka minne walikuwa wameshikana mashati juu ya jambo moja, nalo ni ile kompyuta ya mahakama inayowagawia majaji kesi kwa kura ya bahati nasibu. Injinia alisema haki imepata mkombozi, kwa kuwa mashine haina shemeji. Bai Nikoi alimjibu kwamba ni kweli mashine haina shemeji, lakini kidole kinachoibonyeza kinaye.

Basi Alhamisi moja, wiki tatu zilizopita, Bai Nikoi aliandika kwamba kesi ya machimbo ya mawe, ile ambayo wanakijiji wameishtaki kampuni inayowapasulia mlima juu ya visima vyao, itamwangukia Jaji Penkov. Kura ilikuwa haijapigwa bado. Jumatatu ikapigwa, na kesi ikamwangukia Jaji Penkov. Mji mzima ukawa hauzungumzi lingine.

Mwendesha mashtaka Hadzhiski alitangaza kwamba kuna mtu ameingia ndani ya kompyuta ya mahakama kwa wizi, na hakuchelewa kumpata: Ognyan Pashov, mwalimu wa kompyuta wa sekondari. Maandishi ya Bai Nikoi yalitoka kwenye mtandao wa nyumba ya utamaduni, ile yenye maktaba na kompyuta za umma, kila Jumanne na Alhamisi jioni. Jumanne na Alhamisi jioni Ognyan huwafundisha wastaafu kompyuta kwenye nyumba hiyo hiyo. Tena Ognyan ndiye Injinia, hilo hakulikana. Kwa hiyo, alisema Hadzhiski, mtu huyu amebishana na nafsi yake miaka minne ili kuficha nyayo.

Saa sabini na mbili za kumshikilia zilikuwa zinaisha leo saa kumi na moja jioni. Saa tisa alasiri mahakama ingekaa kuamua kama apelekwe rumande hadi kesi yake isikilizwe, na kungoja huko kungeweza kuchukua mwaka na zaidi. Shule ilikuwa imeshaandika barua ya kumwachisha kazi, ikingoja tarehe tu.

Raina hakuipenda hoja ya Hadzhiski. Hakuwa na ushahidi wa kuipinga. Ila yeye mwenyewe alikuwa mtu aliyechoka, na hakuamini kwamba kuna mwalimu anayetoka darasani akabaki na nguvu za kugombana na nafsi yake miaka minne.

Alimletea Ognyan banitsa ya moto, andazi la jibini, kutoka mkahawa wa ng'ambo ya barabara, akaketi mbele yake katika chumba cha mahojiano. Mwalimu alikuwa mtu wa miaka hamsini, ndevu za siku tatu, sweta imekunjika mgongoni. Alikula nusu ya ile banitsa bila kuitazama.

"Mwalimu, wewe ndiye Bai Nikoi?"

"Inspekta, nitukane tusi jingine. Yule mtu hajui tofauti ya waya na kamba ya kiatu."

"Hadzhiski anasema umejifanya hujui."

"Basi nimejifanya mjinga kwa ustadi mkubwa, maana amenikera mpaka nimepanda presha." Alifuta mikono kwa karatasi. "Ile Alhamisi nilimwandikia kwamba ni mwongo, na kama kesi itakwenda kwa Penkov nitakula kofia yangu. Watu wote walisoma. Nani anajitegea mtego ili ale kofia?"

Raina alikiri moyoni kwamba hoja hiyo ilikuwa na uzito kuliko zote alizozisoma Cheshma. Akamuuliza, kwa kuwa amekaa na mtu huyo miaka minne, amemjua vipi. Ognyan hakusita. Mwanamume, alisema, tena mzee, wakili mstaafu, mwenye nyongo. Kila sentensi yake ina koma mahali pake. Hakosei herufi hata akitukanwa.

"Hajawahi kukosea hata mara moja?"

Ognyan alifikiri. "Mara moja. Miaka miwili iliyopita aliandika takataka tupu, halafu akanyamaza wiki nzima. Watu walimcheka sana. Kuna mmoja alimuuliza kama paka amemkanyagia kibodi."

Ilimchukua Raina saa nzima na nusu kuipata. Ilikuwa katikati ya ugomvi mrefu wa Machi, Injinia akimbana Bai Nikoi ataje kesi hata moja iliyochezewa. Jibu la Bai Nikoi lilikuwa mstari mmoja: *jfld oe.f e ,etekf*. Chini yake vicheko, na paka, na mmoja aliyempa namba ya daktari.

Hakuna Mbulgaria asiyeijua ajali hiyo. Kompyuta zetu zina herufi za aina mbili, zetu za Kisirili na za Kilatini, na mtu husahau kugeuza. Unachapa macho yako yakiwa kwenye karatasi, au kwenye hasira zako, na ukiinua kichwa umejaza uchafu. Lakini uchafu huo nao una kabila. Watu wengi, na vijana karibu wote, huchapa kwa mpangilio ule ambao kila herufi yetu imekaa juu ya ndugu yake wa Kilatini, T juu ya T, D juu ya D. Hao wakisahau kugeuza, maneno yao yanasomeka vilevile, yamepinda tu kidogo. Wako wengine, wachache, ambao mikono yao ilifundishwa kwa mpangilio wa taipureta za zamani. Hao wakisahau, kinachotoka ni supu.

Raina alikuwa amefundishwa taipureta katika chuo cha polisi akiwa na miaka kumi na tisa, viganja vikiwa vimefunikwa kitambaa ili asichungulie. Aliweka vidole vyake kwenye ukingo wa meza, akabonyeza mbao tupu: j, f, l, d. Akaendelea polepole hadi mwisho wa mstari. *Towa delo e resheno.* Kesi hii imeshaamuliwa.

Kisha akachukua kompyuta ndogo, akaiacha kwenye herufi za Kilatini kwa makusudi, akafunika kioo kwa faili na kurudi kwa Ognyan. Alimwambia achape sentensi atakayomsomea. Mwalimu alichapa harakaharaka, kama mtu aliyezoea. Raina alipoinua faili, kioo kilisema: *towa delo e re[eno*. Hata mtoto angeisoma.

Hakuishia hapo, maana alimjua Hadzhiski. Alirudi Cheshma akatafuta mara zote ambazo Injinia naye alisahau kugeuza herufi. Zilikuwa kumi na moja kwa miaka minne, na zote kumi na moja zilisomeka. Wakati huo hakuna polisi aliyekuwa anamfuata, na hakuwa na sababu ya kuigiza.

Alimpigia Hadzhiski simu. Mwendesha mashtaka alimsikiliza hadi mwisho, hilo Raina alimpa haki yake.

"Mtu mjanja anaweza kujifunza mipangilio miwili," alisema. "Ikifika saa tisa niletee mtu, Raina. Nadharia sina pa kuiweka."

Nyumba ya utamaduni ilikuwa mwendo wa dakika kumi, na kwa magoti yake ishirini. Mtunza maktaba, Bi Sevda, mama mnene mwenye miwani ya mnyororo, alimpokea kwa malalamiko kabla hajavua koti. Polisi walikuwa wamechukua mashine mbili na wastaafu wanamlaumu yeye. Raina alimwomba radhi, akamuuliza kama kuna yeyote anayetumia mpangilio wa taipureta.

"Usinikumbushe, dada," alisema Bi Sevda. "Kompyuta namba tatu. Kila Jumatano na Ijumaa asubuhi naikuta imegeuzwa hivyo. Vikongwe vyangu vinakaa, vinabonyeza, vinaanza kulia kwamba vimeharibu kitu. Miaka minne naigeuza mimi."

"Ni nani anayeigeuza?"

Bi Sevda alijibu bila kufikiri kwamba siku zote yeye alimshuku Mzee Haralampi. Alikuwa mpiga chapa wa gazeti la mkoa, hakuwa na mwenzake katika darasa la mwalimu Pashov aliyejua taipureta, na alikuwa na maneno makali kama siki. Raina alihisi uchovu wote ukimtoka miguuni. Mzee, mwanamume, mwenye nyongo, koma mahali pake. Akauliza anakaa wapi.

"Anakaa wapi tena, dada? Umempita mlangoni."

Alimpeleka nje. Kwenye ubao wa mlango, kati ya matangazo mengine ya misiba, kulikuwa na karatasi yenye picha ya mzee aliyevaa tai: siku arobaini tangu atutoke Haralampi. Siku arobaini zenyewe zilikuwa zimetimia wiki tano nyuma. Bai Nikoi aliandika habari ya Penkov wiki tatu tu zilizopita.

Raina aliegemea ukuta. Uchovu ulirudi wote na riba juu. Aliuliza, kwa kuwa alikuwa hana swali jingine, ni nani mwingine anayeingia humo Jumanne na Alhamisi. Bi Sevda alisema ni kwaya. Watu thelathini, makoti juu ya kila kiti, mmoja anaingia na mwingine anatoka, na wakati wa mapumziko wanakalia kompyuta kama wako kwao. Majina yao hakuyaandika, nani aandike majina ya wanakwaya. Ilikuwa saa nane na dakika arobaini.

Majaji wote wa Belokamen walikuwa wamejitoa katika shauri hili, kwa kuwa lilihusu mahakama yao wenyewe, na jaji alikuwa ameletwa kutoka mji wa jirani: Vangelova, mwanamke mkavu wa maneno, aliyetaka kurudi kwake kabla barabara haijaganda. Ognyan aliketi kati ya askari wawili. Hadzhiski alisema yake kwa dakika sita, akataja usalama wa taifa mara mbili. Kisha Raina akaitwa.

Alieleza habari ya vidole. Alieleza mipangilio miwili, na zile mara kumi na moja, na jaribio la asubuhi. Jaji Vangelova, ambaye mwanzoni alikuwa anatazama dirisha, aliacha kulitazama. Akamwomba Raina asome ule mstari wa Bai Nikoi herufi kwa herufi, uingie katika kumbukumbu za kikao.

"J, f, l, d," alisema Raina.

Sauti ya kibodi ilikatika. Mbele ya meza ya jaji, karani wa mahakama alibonyeza kitu, akageuza herufi zake kuwa za Kilatini, akaandika alichosomewa, kisha akazirudisha. Raina alimtazama kwa sababu ya ule ukimya tu. Miaka ishirini na zaidi alikuwa ametoa ushahidi katika chumba hiki, amemwona mwanamke huyu mara mia na zaidi, na hakuwahi kumwangalia. Genoveva fulani. Sweta ya kijivu, miaka sitini hivi, bado kidogo apate kiinua mgongo chake. Macho yake hayakuwa kwenye kibodi wala kwenye kioo. Yalikuwa kwenye midomo ya Raina, na vidole vilikwenda vyenyewe, kumi vyote.

Makarani wa mahakama hufundishwa taipureta. Raina alijua hilo tangu ujana wake, kila mtu analijua, na ndiyo sababu hakuna aliyelikumbuka. Majaji wote walikuwa wamebadilishwa kwa ajili ya haki. Karani hakubadilishwa, kwa kuwa karani haonekani, yumo chumbani kama kiti kilivyomo. Na nani katika jengo hili anayeona jina la jaji kabla ya mtu mwingine yeyote, kama si yule anayechapa hati?

"Tumeelewa, Inspekta," alisema Hadzhiski. "Mshtakiwa huyu anachapa hivi, na mtu mwingine anachapa vile. Mtu gani?"

Raina alikuwa nalo jina, lilikuwa ulimini, na alimwonea yule mwanamke huruma hata ikamuuma kuliko magoti. Alimtazama Ognyan, ambaye hakuwa ameelewa lolote na alikuwa anamtazama yeye, Raina, kama mtu anayezama anavyotazama kamba. Akijua, na akanyamaza, atakuwa amemtia huyu ndani kwa mkono wake.

"Naomba dakika moja, mheshimiwa," alisema.

"Dakika tumezimaliza," alisema Hadzhiski. "Mheshimiwa, Inspekta hana jina. Alicholeta ni hadithi ya kibodi. Naomba mshtakiwa apelekwe rumande."

Jaji Vangelova alimuuliza Raina kama ana la kuongeza. Raina alifungua kinywa. Wakati huo aligundua kwamba hakuna anayesema chumbani, na bado kibodi inalia. Vidole vya karani vilikuwa vinachapa, taratibu, kwa mapigo yaleyale, na hakuna aliyekuwa ametamka kitu cha kuchapwa.

Jaji naye alisikia. Aligeukia kioo chake, ambacho huonyesha kumbukumbu za kikao zinavyoandikwa. Alisoma. Alivua miwani, akaivaa, akasoma tena, safari hii kwa sauti.

"'Karani wa mahakama anaeleza: Bai Nikoi ni mimi. Huandikia nyumba ya utamaduni, wakati wa mapumziko ya kwaya. Hakuna aliyeingia katika kompyuta. Jumatano nilipewa na mwenyekiti wa mahakama hati za wito nizichape, jina la Jaji Penkov likiwemo. Kura ilipigwa Jumatatu. Waliirudia mara saba mpaka ikakubali. Mwalimu Pashov simjui.'" Akatazama chumba chote. "Nani amesema maneno haya? Mimi sikumsikia mtu."

Genoveva aliondoa mikono kwenye kibodi, akaiweka mapajani.

"Mimi, mheshimiwa," alisema. "Ila nimezoea kuandika."

Hadzhiski alisimama akasema jambo juu ya utaratibu. Jaji alimwambia aketi, na alipoendelea alimwambia tena, na mara ya pili aliketi. Kisha jaji akamwamuru karani aondoke kwenye kibodi na aje asimame mahali pa mashahidi. Alipiga simu aletwe karani mwingine. Alisema ombi la rumande limekataliwa, na kwamba Bwana Pashov yuko huru kuanzia dakika hii na anaweza kwenda nyumbani.

Raina aliona usoni mwa yule mwanamke yale atakayotendwa na mwenyekiti wa mahakama, kabla ya mwenyekiti mwenyewe kujua lolote. Kazi atafukuzwa kesho. Kiinua mgongo watakigombania miaka. Atashtakiwa kwa kutoa siri za ofisi, na huenda ni Raina huyu huyu atakayepewa faili. Alisogea pembeni akampisha aingie mahali pa mashahidi.

Askari walimwachia Ognyan njia. Alichukua koti lake, akafika nusu ya chumba, akasimama.

"Mheshimiwa," alisema, "kama sheria hainikatazi, naomba nikae nisikilize. Nimebishana na huyu mama miaka minne. Sauti yake sijawahi kuisikia."

Jaji Vangelova alitazama saa, kisha barabara kupitia dirisha. Akatikisa kichwa kukubali. Ognyan akaketi kwenye benchi la mbele, koti mapajani. Karani mpya alipofika na kukaa kwenye kibodi, Genoveva akaanza kueleza tangu ile Jumatano, na sauti yake ilikuwa ndogo mno hata jaji akamwomba aanze upya.